Ombi la Kunyang'anywa Uhuru wa Kubadilisha Tovuti

Mwishehe Seremala na Wanawe,
Keko Magurumbasi,
Temeke, Dar es Salaam.
14 Juni

Kwa Ndugu Watengenezaji wa Programu Huria ya Kutengenezea Tovuti,
Popote mlipo.

YAH: KUNYANG'ANYWA UHURU

Waheshimiwa,

Kichwa cha barua hii mmekisoma sawasawa, wala sikukosea kuandika. Najua wengine wanawaandikia kudai uhuru zaidi. Mimi nawaandikia mniondolee wangu. Nimekuwa nao miezi saba, nimeutumia kwa bidii zote, na umenifikisha mahali ambapo posa ya binti yangu wa pekee imesimama na hakuna anayeniambia kwa nini.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, Kiingereza changu kinatosha kuuza kitanda lakini hakitoshi kulalamika. Pili, kwenye programu yenu kile kitufe cha kuhifadhi kazi kimeandikwa "Hifadhi", kwa hiyo Mswahili mwenzangu yumo humo ndani. Namwomba huyo awasomee wenzake taratibu, na akifika kwenye sehemu za aibu asipunguze sauti.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko kando ya barabara hapa Keko, na vitanda, makochi na makabati tunayapanga nje tangu asubuhi kama walivyo wenzetu wote wa hapa. Mteja wa Keko anakuja na picha kwenye simu. Anasema, "Fundi, nitengenezee kama hiki, ila miguu iwe mifupi, na kichwani uniwekee maua." Hiyo "ila" ndiyo kazi yetu. Kwa miaka ishirini na saba sijawahi kutengeneza kitu kikawa kama kilivyo kwenye picha, na hata mteja asiponiambia ila, ninaiongeza mwenyewe. Mtaelewa basi hatari ya kumkabidhi mtu wa namna hii programu ambayo kila kitu chake kinabadilishika.

Niwaeleze na kilichoharibika. Binti yangu Farida ana miaka ishirini na minne na anamalizia masomo ya maabara. Mama yake alitangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita, kwa hiyo mambo makubwa ya binti huyu tunayaangalia wawili, mimi na dada yangu Bi Tabu. Mwezi wa Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani, ililetwa barua ya posa kutoka kwa Mzee Muhdhar wa Gongo la Mboto, mwenye duka la vitambaa, kwa ajili ya kijana wake Abdulhadi. Ni familia ya Kiarabu, wafanyabiashara wa tangu zamani, watu wa heshima na maneno machache. Tukaomba muda wa kujibu, kama inavyotakiwa. Jumapili waliyopanga kuja kusikiliza jibu nilikuwa nimekwisha kuchemsha kahawa na kutandika mkeka mpya. Hawakuja. Aliyekuja ni mshenga peke yake, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema, "Wamesema kwanza wasubiri kidogo."

Hii ni wiki ya nne. Wanasubiri nini hawakusema. Lakini nilikaa nikaifungua tovuti ya karakana yangu kwa macho ya mtu anayechunguza familia anakotaka kuoa, na sikuhitaji kuambiwa zaidi. Malalamiko yangu kwenu ni haya.

1. Mlinipa bure, tena bila kufuli.

Aliyeniwekea programu yenu ni Gregori, mtu mzima mwenye kibanda cha kuchapa kadi za harusi kule Chang'ombe, ambaye nilikuwa ninamtengenezea kaunta. Nilimuuliza programu ni ya nani. Akasema si ya mtu. Watu waliitengeneza wakaiachia wote. Anayetaka anaitumia, anaibadilisha, anampa mwenzake, ila hana ruhusa ya kumfungia mwingine. Nikamwambia, "Gregori, hiyo ni wakfu." Gregori ni Mkatoliki na mambo ya wakfu hayajui vizuri, lakini kaunta yake alikuwa anaitaka. Akasema, "Ndo hivyo hivyo, mzee."

Sasa ndugu zangu, mimi nimekulia mtaa wenye kisima cha wakfu. Aliyekichimba alikitoa kwa ajili ya Mungu, kila mtu akachota, na sijawahi kusikia aliyesimama pale akawafukuza watu na ndoo zao. Siku ile ile nikachukua penseli ya useremala, nikaandika nywila ya tovuti kwenye kipande cha plaiwudi, nikakitundika ukutani karakanani. Chini yake nikaandika majina ya niliowapa ruhusa ya kuingia na kubadilisha watakavyo: dada yangu, mafundi wangu, jirani anayeuza magodoro, muuza kahawa, na wengine, jumla watu kumi na wanne. Nilijisikia mtu mwema kuliko nilivyowahi kujisikia tangu nianze biashara.

Gregori alipokiona kile kipande cha plaiwudi alitafuta mahali pa kukaa. Akanieleza kwamba wakfu ni programu, siyo tovuti yangu. Kwamba kisima ni cha wote lakini maji niliyokwisha kuyatia kwenye ndoo yangu ni yangu. Alieleza vizuri sana, hata Mashaka, fundi wangu wa vanishi, alielewa. Tatizo ni kwamba wiki tano zilikuwa zimekwisha kupita.

Lawama hapo ni yenu. Mngeniuzia kwa bei kali, tena kwa madharau, ningeifungia sandukuni pamoja na randa yangu ya Kijerumani, ambayo hata ndugu wa damu hajawahi kuigusa.

2. Mlimrahisishia mno dada yangu.

Bi Tabu ana miaka sitini na miwili na alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Programu ya watu wanaojiheshimu ingemsumbua siku mbili tatu akaachana nayo. Yenu ilimpokea kama mgeni wa Idi. Kwa muda wa chai moja alikuwa amekwisha kufungua ukurasa wake ndani ya tovuti yangu ya fanicha, akauita "Taarifa za Familia", akaweka humo misiba, hitima na maulidi. Hilo sikulikataa. Lakini wiki iliyofuata akaongeza ukurasa wa pili unaoitwa "Ambao Hawakufika". Humo ameorodhesha watu wote ambao hawakuonekana kwenye hitima ya ami yetu, sababu waliyoitoa kila mmoja, na maoni yake kuhusu sababu hiyo.

Huo ndio ukurasa unaosomwa kuliko yote. Wapo watu wa hapa Temeke wanaoufungua kila Ijumaa kuangalia kama wamo. Na kwa sababu unasomwa sana, programu yenu kwa akili zake imeupandisha juu kabisa, hivyo mteja anayetafuta kabati la vyombo anapelekwa huko kwanza. Jina la nane kwenye orodha ni la shemeji yake Mzee Muhdhar. Maoni ya Bi Tabu juu yake ni kwamba mguu wenyewe haukuwa umevimba kiasi hicho.

3. Mashaka na muziki.

Mashaka anapaka vanishi kwa mdundo. Asipokuwa na singeli mkono wake hauendi, na hilo nimelizoea. Alichofanya ni kuiweka singeli kwenye tovuti, ikawa mtu akifungua tu inaanza, kwa sauti ya juu, katikati ya wimbo. Nilimuuliza mbona hakuna kitufe cha kuzimia. Akaniangalia kwa huruma. "Sasa mzee, ukiweka cha kuzimia si watu watazima?"

Mshenga ameninong'oneza kwamba Mzee Muhdhar aliifungua tovuti akiwa dukani kwake na wazee wawili waliotoka naye msikitini, ili awaonyeshe kazi za mkwe mtarajiwa. Sikumuuliza zaidi.

4. Rangi.

Hapa nakuja kwenye makosa yenu yaliyopitia mikononi mwangu mimi mwenyewe. Seremala amezoea vanishi za aina tatu: nyepesi, nyekundu na nyeusi. Nyinyi mkanifungulia rangi ambazo Gregori anasema hazihesabiki. Mtu aliyeshinda na njaa humwekei sahani kumi na tano mezani halafu ukamlaumu kwa kuvimbiwa. Nikachagua picha ya ubao wa mninga ikae nyuma ya ukurasa mzima, na maandishi nayo nikayapa rangi ya mninga, ili viendane. Viliendana mpaka maandishi yakapotea. Kwa siku kumi na moja hakuna aliyeweza kusoma namba yangu ya simu, na mimi nilikaa karakanani nikiwaambia mafundi kwamba wateja wameadimika kwa sababu ya mvua.

5. Mwaka.

Karakana hii niliianza mwaka 1998. Siku moja nilipita mbele ya duka la Mzee Muhdhar nikaona kibao juu ya mlango: Tangu 1931. Nikarudi Keko nikafungua tovuti. Kwanza nikaandika Tangu 1974, kwa sababu marehemu baba mwaka huo aliwahi kutengeneza mlango. Kesho yake 1974 ikaonekana changa. Nikaandika 1931, nikaona watasema naiga. Nikaandika 1930, nikaona kumzidi mwaka mmoja mtu ambaye mtakuwa wakwe ni kama kumvizia. Basi nikaandika 1889 ili yaishe. Bi Tabu, anayeshika habari za ukoo, anasema mwaka huo babu yetu alikuwa hajazaliwa na hapa Keko palikuwa pori. Nilimjibu kwamba hata pori linahitaji seremala, lakini sikuwa na raha na jibu hilo.

Hata hayo maneno "na Wanawe" mnayoyaona hapo juu niliyaongeza mimi. Mtoto ninaye mmoja tu, na hajawahi kushika msumeno. Nilipenda yanavyokaa. Hivi programu yenu ilishindwa nini kuandika chini yake, kwa herufi ndogo zisizoonwa na wateja, "Mwishehe, acha"?

6. Saa.

Hili ndilo lililonimaliza, na ningeweza kuandika hili tu nikayaacha mengine yote.

Kwenye ghala yenu ya vipande vya kuongezea nilikuta saa inayohesabu kurudi nyuma. Inaonyesha siku, saa, dakika na sekunde, na sekunde zake zinakimbia vizuri mno. Barua ya posa ilikuwa na siku tatu tu tangu ifike. Jibu lilikuwa halijatolewa. Lakini furaha ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na tangu mama yake Farida aondoke sikuwa nimefurahi hivyo. Nikaiweka ile saa ukurasa wa mbele. Nikaandika jina la Farida, nikaweka picha yake aliyopiga Idi, nikaipanga ihesabu mpaka Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane. Tarehe hiyo niliichagua peke yangu, kwa kuangalia kalenda ya duka la rangi.

Kabla ya kuichapisha, programu yenu iliniuliza, "Una uhakika?" Sikatai, iliuliza. Lakini iliniuliza mbele ya Mashaka, muuza kahawa na wateja wawili. Mwanaume gani anaulizwa hivyo mbele ya mafundi wake akajibu hapana? Nikabofya Ndiyo, tena kwa kidole kilichonyooka.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba saa ile ilitengenezwa kwa ajili ya wauza bidhaa, ihesabu muda wa punguzo la bei kwisha. Kwa hiyo chini ya picha ya mwanangu yakatokea maneno mekundu, yanawaka na kuzima: WAHI SASA! IMEBAKI MOJA TU. Pembeni yake kitufe: Weka Kwenye Kikapu. Nilijaribu kuyaondoa kwa mikono yangu nikafanikiwa kuyakuza. Yalikaa pale siku nane, mpaka Gregori aliporudi kutoka kumzika mjomba wake Morogoro. Katika siku hizo nane mama mmoja wa Chang'ombe, Bi Demetria, alinipigia simu kuuliza kama saa ikifika mwisho bei inapanda. Watu watatu walibofya kikapu. Mmoja wao, wa Mbagala, aliagiza mbili.

Gregori aliondoa maneno na kikapu. Saa nilimwomba aiache, na inahesabu mpaka leo. Ninapoandika haya zimebaki siku arobaini na nane. Nashindwa kuiondoa, kwa sababu siku nitakayoiondoa nitakuwa nimekiri kwamba posa imekufa na aliyeiua ni mimi.

7. Mnaweka kumbukumbu.

Nilipomweleza Gregori kwamba tovuti imeharibiwa na watu, akanichapishia karatasi kutoka kwenye programu yenu. Kumbe kila badiliko mnaliandika, na jina la aliyelifanya, na saa. Mabadiliko yote ni mia tatu na kumi na moja. Bi Tabu ana kumi na tisa. Mashaka ana sita. Muuza kahawa aliingia mara moja, akarekebisha herufi moja kwenye neno "kabati", akatoka. Yangu mimi ni mia mbili na sitini na nane. Mtu akikupa kitu bure hapaswi kukaa nyuma yako anahesabu ulivyokitumia, na nawaomba mlitazame hilo kwa upande wa adabu.

8. Hamtoi dhamana.

Gregori amenisomea waraka wenu. Umeandikwa wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo na kwamba lolote likitokea hammo. Hapa Keko mguu wa kitanda ukivunjika ndani ya mwaka tunautengeneza, hata kama tunajua kabisa kwamba mwenye kitanda aliruhusu watoto wake warukie. Na nikimuuzia mtu kabati simkabidhi na msumeno. Nyinyi mmenikabidhi kabati, msumeno, patasi, gundi, na barua ya kunitakia kila la heri.

Waheshimiwa, nacheka ninapoandika lakini sina raha. Farida akirudi chuoni anapita karakanani, anasalimia, anaingia ndani. Zamani alikuwa anakaa kwenye kochi lisilouzwa bado ananieleza mambo ya darubini na damu za watu, na mimi namsikiliza huku napiga msasa. Sasa anapita tu. Nimejizuia kumuuliza chochote nisimwongezee machungu. Nilimwahidi mama yake kwamba huyu ataolewa kwa heshima, mlango wa mbele, na watu wote wakifahamu. Hilo la watu wote kufahamu nimelitimiza mapema kuliko ilivyohitajika. Hayo mengine yamekwama, na yananiuma hasa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

a) Uhuru wangu wa kubadilisha tovuti uondolewe, kwa jina langu kamili. Niachiwe kusoma tu. Ikiwezekana hata kusoma kuwe mara moja kwa wiki.

b) Baba yeyote mwenye binti aliyeletewa posa asiruhusiwe kufika sehemu ya mipangilio tangu siku ya barua mpaka siku saba baada ya harusi. Programu imtambue. Sijui kwa njia gani, lakini kama iliweza kutambua kwamba ukurasa wa Bi Tabu ndio unaopendwa, na hili italiweza.

c) Gregori anasema sheria yenu haimruhusu mtu kumbagua mtumiaji mmoja, kwamba uhuru ni wa wote au si wa yeyote. Ikiwa ni hivyo, naomba uondolewe kwa watu wote duniani. Nawasikitikia watu wa Japani na kwingineko ambao pengine wameutumia vizuri, lakini na wao wajiweke kwenye nafasi yangu. Kwa upande wangu nimeanza kutimiza. Nimewapendekezea mafundi wenzangu wa Keko kwamba kuanzia sasa mteja akileta picha apewe kama ilivyo, neno "ila" lipigwe marufuku kuanzia huku kwenye barabara hadi mwisho wa mtaa. Wamelipokea pendekezo kwa kicheko kirefu na bado nasubiri majibu rasmi.

d) Mumwandikie Mzee Muhdhar wa Gongo la Mboto, duka la vitambaa, mumweleze kwamba makosa yote yaliyoonekana kwenye tovuti ni yenu. Mtaje saa kwa jina. Mtaje na kikapu. Barua iwe na muhuri, na muhuri uwe wa duara, kwa sababu wa mstatili hautishi. Mwisho mwambieni kwamba binti hakuhusika na lolote, ni mtoto mtulivu, amefanana na mama yake, na hakupata chochote kutoka kwangu isipokuwa umbo la masikio.

Natumaini ombi langu litafika kwa yule anayehusika na kunyang'anya. Muwasalimie wake, waume na watoto wenu, na yule aliyeandika "Hifadhi" mpeni salamu za pekee. Bi Tabu anawasalimu, anasema mkiwa na msiba au shughuli mumletee taarifa mapema aiweke. Mashaka anauliza kama mmeusikia ule wimbo mpaka mwisho. Gregori anasema mumsamehe.

Ni mimi ninayengojea kufungiwa,

Mwishehe,
Seremala (Tangu 1998).

Nyongeza, 18 Juni.

Barua hii nilimpa Farida Jumapili anichapie, kwa sababu mwandiko wangu ni wa kuandikia mbao. Aliisoma yote amesimama. Alipofika kwa yule aliyeagiza mbili alicheka mpaka akakaa kwenye kochi, na nilifurahi kumwona amekaa. Kisha akaiweka barua magotini. Akasema, "Baba, unisamehe. Sio tovuti. Mie ndo nilimpigia Bi Bahiya." Bi Bahiya ni mama yake Abdulhadi. "Nikamwambia wasije kwanza. Walikuwa wanakuja kusikiliza jibu, na mie hapa nyumbani hakuna aliyeniuliza."

Nikamwambia shangazi yako amekuuliza. Akatikisa kichwa. Nikampigia Bi Tabu hapo hapo. Bi Tabu akasema, "We si ndo baba mtu? Mie nilijua umeshamuuliza wewe." Mimi nilidhani yeye, yeye akadhani mimi, na katikati yetu nikaweka saa. Bi Bahiya alilijua hilo siku ile ile, na Mzee Muhdhar akalijua, na ndiyo maana alikuwa anasubiri. Alikuwa anatusubiri sisi tumuulize mtoto wetu. Farida anasema tovuti ameiona na ameicheka, na shemeji yake mwenyewe amekiri kwamba mguu haukuwa umevimba.

Nikakiangalia kile kipande cha plaiwudi ukutani. Majina kumi na manne niliyoyapa uhuru wa kubadilisha lolote. Muuza magodoro yumo. Muuza kahawa yumo. Farida hayumo.

Basi nikamuuliza. Nilimuuliza vibaya, nimesimama, msasa mkononi, maneno hayakupangika, lakini nilimuuliza, kisha nikanyamaza mpaka akamaliza kusema. Jibu lake ni lake. Baada yangu, wa kulisikia ni Abdulhadi, na nyinyi mtaniwia radhi kwamba silitii humu.

Kwa hiyo waheshimiwa, maombi yote hapo juu myahesabu hayakuandikwa. Uhuru uacheni ulivyo, na watu wa Japani waendelee na kazi zao. Majina nimeyafuta yote kwa randa, Bi Tabu amenuna, na nywila nimempa Farida. Jambo la kwanza alilofanya ni kuiondoa saa. Pale ilipokuwepo, katikati kabisa ya ukurasa wa mbele, ameacha pa wazi, peupe, hapana hata mstari. Nilimuuliza tupaweke nini. Akasema pakae hivyo hivyo mpaka atakaposema mwenyewe, na akaniomba, kwa heshima zote, nisipaguse.

Nywila na mimi ninayo. Leo ni siku ya tatu sijapagusa.